Spika Zinakoroma, Mchawi Nani?

Saa kumi na moja jioni ukumbi ulikuwa umeshapambwa, meza kuu imevikwa vitambaa, wapishi wanashusha masufuria ya pilau. Mimi kazi yangu niliimaliza tangu saa tisa. Vyombo vimefungwa, maiki zimejaribiwa moja moja, spika kimya hadi unasikia feni za dari zinavyokata upepo. Kisha, bila mtu kugusa chochote jukwaani, ukaanza mvumo. Mmmmmm. Mama mwenye shughuli akaja mwenyewe, simu mkononi. "Mwanangu, mbona spika zinakoroma? Wageni ndio hao wanashuka kwenye magari."

Nilichofanya baada ya hapo ndicho ninachotaka wewe usikifanye. Nilibadilisha waya wa maiki ya MC. Nikazima amplifaya, nikaiwasha tena. Nikachomoa kinanda, nikakirudisha. Nikapiga kofi mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, kama vile redio ya babu. Dakika ishirini zikaenda na mvumo uko palepale, na mchawi mwenyewe hakuwa hata kwenye vyombo vyangu. Tutamfikia.

Kosa langu lilikuwa kutanguliza mikono kabla ya masikio. Kelele kwenye vyombo vya muziki si ugonjwa mmoja. Kuna kelele ya kuvuma, ya kukwaruza, ya kufoka kama mvuke wa jiko, ya kugonga tititi, ya kupiga mluzi, na kila moja inaingia kwa mlango wake. Anayezichanganya atafungua milango isiyohusika mpaka shughuli iishe.

Tuanze na ya kuvuma, maana ndiyo inayosumbua kumbi nyingi. Umeme wetu wa Tanzania na Kenya unabadilisha mwelekeo kwa hezi 50, yaani mizunguko 50 kila sekunde. Ukitaka kuisikia hezi 50, chomeka waya wa gitaa kwenye mikisa, sauti ikiwa chini, kisha gusa ncha ya jeki kwa kidole. Mwili wako umedaka umeme wa nyaya zilizo ukutani na kuuingiza kwenye spika. Mpiga kinanda naye anaweza kukupimia: noti ya G iliyo chini kabisa kwenye besi ina hezi 49, kwa hiyo mvumo wa umeme wetu umekaa juu yake kidogo tu. Kama mvumo unapanda na kushuka kila friji la vinywaji linapojiwasha, basi hauko kwenye umeme wa gridi. Uko kwenye jenereta inayohema.

Sasa sikiliza kwa makini zaidi. Mvumo laini, wa tumbo, mara nyingi unatokana na waya au kifaa kilichowekwa karibu mno na transfoma au na waya mnene wa umeme. Lakini ukiwa na makali, kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo, hapo umejaa hezi 100 na ndugu zake wa juu, na mtuhumiwa wa kwanza ni njia ya ethi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini, au taa zenye kipunguza mwanga. Tofauti hii peke yake inaweza kukuokolea nusu saa.

Ukishasikiliza, ndipo mikono ifanye kazi, na ifanye kwa kukata mnyororo katikati, sio kuanzia mwanzo. Sauti inatoka kwenye maiki, inapita mikisa, inakwenda amplifaya, inafika kwenye spika. Shusha slaida ya masta, ile ya sauti yote inayotoka kwenye mikisa, hadi chini kabisa. Mvumo ukikatika, mchawi yuko kwenye mikisa au nyuma yake, kwenye maiki, kinanda, laptop. Ukibaki, yuko mbele: waya unaokwenda kwenye amplifaya, amplifaya yenyewe, au kitu kingine kinachotoka kwenye mikisa. Tayari umetupa nusu ya ukumbi. Kama mchawi yuko upande wa nyuma, pandisha masta tena na funga chaneli moja baada ya nyingine. Itakayonyamazisha kelele ndiyo yenye mgeni. Kisha kwenye chaneli hiyo chomoa waya upande wa jukwaani: kelele ikibaki ni waya, ikiondoka ni kifaa kilichokuwa mwishoni mwake. Kwa upande wa mbele, punguza kwanza sauti ya amplifaya, chomoa waya unaoingia, ongeza taratibu. Ukisikia bado inakoroma wakati haijaunganishwa na kitu, hiyo ni ya fundi wa redio, si yako.

Kazi yote hiyo ni dakika mbili au tatu. Mimi niliitumia siku ile baada ya dakika ishirini za kupapasa.

Turudi kwenye ethi, maana hapa ndipo watu wanapopotea, na wengine wamekufa. Waya wa ethi kwenye plagi ya pini tatu upo kwa ajili ya uhai wako. Waya wa moto ukichomoka ndani ya amplifaya na kugusa bodi la chuma, umeme unakimbilia ethi, fyuzi inakatika, na wewe uliyeshika bodi unabaki mzima. Katika hali ya kawaida waya huo ungepaswa kuwa mtupu. Lakini si mtupu. Kila chaja, kila kompyuta, kila friji hudondosha umeme kidogo kwenye ethi kupitia vichujio vyake vya ndani, na waya ukiwa mrefu, umeme huo mdogo unajenga volti ndogo. Ndiyo maana ethi ya soketi iliyo jukwaani na ethi ya soketi iliyo mlangoni hazilingani. Tofauti inaweza kuwa sehemu ya kumi ya volti tu. Hakuna atakayeijua, mpaka wewe uziunganishe.

Na unaziunganisha bila kujua. Mikisa iko mlangoni, imechomekwa soketi ya mlangoni. Kinanda kiko jukwaani na kinatumia soketi ya jukwaani. Unavuta waya wa sauti kati yake. Waya huo una ngozi ya nyuzi za shaba iliyozungushiwa kuukinga, na ngozi hiyo sasa ni daraja kati ya ethi mbili zisizolingana. Umeme unavuka. Umepata duara kamili: ethi ya jukwaani, kinanda, ngozi ya waya, mikisa, ethi ya mlangoni, ukutani, na kurudi. Duara likiwa kubwa linakuwa pia koili inayodaka usumaku wa nyaya zote za ukumbi.

Kwenye waya wa kawaida wa jeki, ngozi hiyohiyo ndiyo pia njia ya sauti kurudi. Ni sawa na mfereji mmoja kutumika kwa maji ya kunywa na maji ya kufulia. Mikisa haina namna ya kujua yapi ni yapi. Laptop au simu inatoa sauti ya takriban volti 0.3. Milivolti 3 tu za mvumo zikivuka kwenye ngozi, ziko chini ya muziki kwa desibeli 40 hivi, na MC akinyamaza ukumbi mzima utazisikia. Maiki je? Yenyewe inatoa milivolti chache tu. Hapo milivolti moja ya mvumo ni balaa.

Kwa sababu hiyo waya za maiki zina jeki ya pini tatu. Pini ya 1 ni ngozi. Pini ya 2 na ya 3 zinabeba sauti ileile, ila moja imegeuzwa: moja ikipanda, nyingine inashuka. Tuseme sauti ni 5 upande mmoja na -5 upande wa pili. Njiani waya unapita kando ya waya wa umeme na kuokota kelele ya 3. Kwa kuwa nyuzi hizo mbili zimesokotwa pamoja, zote zinaokota 3 ileile: ya kwanza inakuwa 8, ya pili -2. Mikisa haijumlishi, inatoa: 8 toa -2 ni 10. Bila kelele ingekuwa 5 toa -5, bado 10. Kelele imejifuta yenyewe. Hesabu ya darasa la saba, lakini ndiyo inayoruhusu waya wa maiki kutambaa mita 50 kutoka madhabahuni hadi mlangoni bila kuvuma. Hila hiyo inakufa mara tu fundi anapotengeneza waya wenye pini tatu upande mmoja na jeki ya kawaida upande wa pili, kwa sababu pini ya 3 inaishia kuungwa na ngozi. Ninaona waya za namna hiyo kila wiki, na wenye waya wanalaumu mikisa.

Hata vifaa vya bei mbaya havisalimiki. Mwaka 1995 mtaalamu wa sauti Neil Muncy aliandika kwenye jarida la Audio Engineering Society, chama cha wahandisi wa sauti, kuhusu kosa lililokuwa limejaa kwenye mashine za kitaalamu: watengenezaji waliunganisha pini ya 1 na bodi ya saketi ya ndani badala ya kuifunga kwenye bodi la chuma la nje. Umeme wa ngozi ukawa unatembezwa sebuleni badala ya kuishia barazani. Kosa hilo mpaka leo linaitwa tatizo la pini ya 1. Chama hicho kilikuja kutoa kiwango cha uunganishaji, AES48, mwaka 2005.

Sasa lile la hatari. Kuna fundi atakuja kukwambia, "Kaka, kata pini ya ethi, mvumo unaondoka." Anasema kweli kuhusu mvumo. Ukikata ethi umekata duara, na spika zinanyamaza. Umekata pia kitu pekee kilichokuwa kati ya mwimbaji na waya wa moto. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa tarehe 3 Mei 1972 jukwaani Swansea, Wales, alipogusa maiki ambayo haikuwa na ethi huku ameshika gitaa. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na ethi kupitia amplifaya yake. Kifaa kingine kikiwa na umeme kwenye bodi, mdomo na vidole vya mwimbaji ndivyo vinavyokamilisha njia. Swichi ya usalama inayokatika umeme ukivuja hupangwa kwa miliampea 30, kwa kuwa zaidi ya hapo moyo wa mtu unaweza kusimama. Kumbi nyingi hazina hata swichi hiyo. Pini ya ethi kwenye plagi haikatwi, haizibwi kwa gundi, haikunjwi. Ukikuta eksteni iliyong'olewa pini ya tatu, usiitumie, hata kama mwenye ukumbi atakasirika.

Njia salama ni kukata duara kwenye waya wa sauti, sio kwenye umeme. Kisanduku cha DI chenye transfoma, kinachokaa kati ya chombo na mikisa, kinafanya kazi hiyo. Ndani kuna koili mbili zisizogusana. Sauti inavuka kwa usumaku peke yake, na ile swichi ndogo ya kuondoa ethi inaachanisha ngozi za pande mbili. Kinanda, gitaa la besi na laptop vipitie humo. Kama huna, dawa ya bure ni kulisha vyombo vyote vya sauti kutoka sehemu moja: vuta eksteni nzuri yenye ethi kutoka ilipo mikisa hadi jukwaani, ili ethi zote ziwe za ukoo mmoja. Soketi moja ya ampea 13 inabeba takriban wati 3,000, na mikisa, vinanda na laptop kwa pamoja havifiki hata robo. Amplifaya kubwa zihesabie kivyake, na zikihitaji soketi ya pili chukua iliyo jirani kabisa. Friji, taa za mapambo na jiko la umeme viende kwingine.

Laptop ina kituko chake. Chaja nyingi za pini mbili hazina ethi kabisa, hata hivyo zinavuja kidogo kupitia kapasita ya ndani. Ule mtekenyo unaousikia ukipitisha kiganja kwenye bodi la chuma la kompyuta ndio huo. Umeme huo utatafuta njia ya kwenda ardhini, na waya wa sauti ndio uliopo. Jaribio lake ni rahisi kuliko yote: chomoa chaja, laptop ibaki kwenye betri. Mlio ukikatika, umeshajua.

Taa nazo hazitaki maneno mengi. Vipunguza mwanga vya kizamani vinakata wimbi la umeme vipandevipande, mara 100 kwa sekunde, na kila mkato unarusha kelele kwenye nyaya. Vinachokoza zaidi mwanga ukiwa nusu. Mwambie mtu wa taa azipandishe na kuzishusha taratibu huku ukisikiliza. Kelele ikibadilika pamoja na mwanga, haina haja ya kubishana. Tenganisha umeme wenu, waya wa maiki usilale sambamba na waya wa taa, na zikilazimika kukutana zikatane kama msalaba.

Simu unaijua: tititi-tititi-tititi, sekunde moja kabla haijaita. Simu ikiwa kwenye mtandao wa 2G haizungumzi mfululizo, inatuma vipande, mara 217 kwa sekunde, kwa nguvu inayoweza kufika wati 2 inapotafuta mnara ulio mbali. Kipande chochote cha waya usiokingwa vizuri kinakidaka na kukigeuza kuwa sauti. Mchungaji anayeweka simu kando ya maiki ya mimbari ndiye mteja wangu wa kudumu. Mkwaruzo, ule wa kra-kra waya ukitikiswa, ni wa shingo ya jeki tisa kati ya mara kumi: tikisa, sikia, kata sentimita tano, lehemu upya. Na ile shhhh ya kufoka kwa kawaida ni uvivu wa geini, kile kitufe cha kukuza sauti inapoingia kwenye mikisa: mtu ameacha geini ya maiki chini, kisha amepandisha masta na amplifaya hadi mwisho, na sasa anakuza kelele ndogo ya kila hatua. Pandisha mwanzoni mwa njia, teremsha mwishoni. Mluzi siuhesabu, huo ni maiki kusikia sauti yake yenyewe kutoka kwenye spika, ingawa nitasema hili: msanii anayefumba kichwa cha maiki kwa kiganja anaziba matundu yanayoifanya isisikie nyuma, halafu anamtazama fundi kwa jicho baya.

Maiki zisizo na waya zinataka subira zaidi, kwa kuwa mgeni wake haonekani. Zamani zilijificha kwenye masafa matupu kati ya chaneli za televisheni. Kisha Dar es Salaam ikazima mitambo ya analojia usiku wa 31 Desemba 2012, mataifa ya kanda yetu yakawa yamekubaliana ukomo wa 17 Juni 2015, na masafa ya megahezi 694 hadi 790 yakaangukia kwa mitandao ya simu. Ukinunua leo maiki ya mtumba iliyotengenezwa kwa megahezi 700 na kitu, unashindana na mnara. Itafanya kazi kijijini kwenu, itakatikakatika Kariakoo.

Hata maiki zako zenyewe zinapigana. Mbili zikiwaka pamoja zinazaa masafa ya tatu na ya nne ambayo hakuna aliyeyaomba. Chukua moja kwenye megahezi 600.0 na nyingine 600.4. Zidisha moja kwa mbili, toa ya pili: 1200.0 toa 600.4 ni 599.6, 1200.8 toa 600.0 ni 600.8. Mtu anayependa mpangilio ataweka maiki ya tatu kwenye 600.8, ili zipishane sawasawa. Ameiweka juu ya mzimu. Nafasi zisilingane, hapa unadhifu ni adui. Kabla ya shughuli, zima maiki zote na uache vipokezi vimewaka. Taa ya mawimbi ikiwaka kwenye kipokezi wakati maiki yake imezimwa, masafa hayo yana mwenyewe, hama. Kisha washa moja moja, uangalie vipokezi vya zile ambazo bado zimezimwa.

Sasa yule wa siku ile. Niliposhusha masta mvumo ukabaki. Kwa hiyo si maiki, si kinanda. Nikachomoa waya wa amplifaya, kimya. Nikaurudisha, mmmmm. Amplifaya nzima basi, waya mzima, mikisa ilikuwa salama saa moja kabla. Nikazunguka nyuma ya mikisa na kurunzi ya simu. Kwenye tundu la kutolea sauti la pembeni kulikuwa na waya mweusi nisioufahamu. Nikaufuata kwa mkono, chini ya zulia jekundu, hadi upande wa pili wa ukumbi, kwa kijana wa video aliyekuwa anarusha shughuli mtandaoni. "Kaka, nilichukua sauti hapo, nikaona uko bize." Laptop yake ilikuwa kwenye chaja ya pini tatu, imechomekwa soketi moja na friji la soda.

Nikaichomoa chaja. Ukumbi ukanyamaza hadi feni zikasikika tena. Betri yake ilikuwa na dakika arobaini na kisanduku changu cha ziada cha DI kilikuwa nyumbani, kwa hiyo tulivuta eksteni kutoka kwenye soketi yangu, tukaipitisha nyuma ya keki, tukaibandika kwa gundi ya karatasi. Mama mwenye shughuli akarudi, akasikiliza, akauliza ilikuwa nini. Nikamwambia nimehamisha chaja. Akaitazama chaja, akanitazama mimi, akaenda kupokea wageni.